Kipande cha Mzee Ndesario

Kipande cha mkubwa hupasukia kwa mdogo. Ndivyo alivyosema Mama Nderingo asubuhi ya leo kwenye mkutano wa kijiji, watu wazima wakainamisha vichwa, na nyinyi vijana mkabaki mnatazamana. Sasa mnaniuliza kipande gani. Kaeni niwaambie, maana maneno hayo yalitoka kinywani mwa bibi yangu mzaa baba, na chanzo chake kiko hapo juu, kwenye kona ya mfereji mnakopita kila siku mkienda kukata majani ya ng'ombe.

Bibi yangu aliitwa Aikaruwa, na watu walimwita pia Mama Elinaja, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Alifiwa na mume akiwa na watoto wanne, na baba yangu ndiye aliyekuwa wa mwisho, bado wa kubebwa mgongoni. Hakuwa na ng'ombe wala kahawa. Alikuwa na shamba moja tu la maharage, lile la mteremkoni chini ya kona. Likitoa, wanakula. Lisipotoa, wanalala na njaa.

Mwaka huo mvua ilibomoa mfereji wa zamani uliokuwa ukileta maji kutoka korongoni, wazee wakaamua uchimbwe mwingine juu zaidi. Kazi ya mfereji haikuwa na mshahara. Baragumu likilia asubuhi, kila nyumba inatoa mtu na jembe lake. Mzee wa mfereji, jina lake Kiwia, alipima kwa ufito akagawa: kila nyumba hatua ishirini, tajiri na maskini sawasawa. Hatua hizo ndizo zilizoitwa kipande. Unachimba, unapanga mawe kwenye ukingo wa chini, unasiliba kwa udongo wa mfinyanzi, na kama umeangukiwa na mahali pabaya, ndiyo bahati yako.

Asiyefika alitozwa mbuzi. Na walikuwa wakali, msidhani mchezo. Kulikuwa na bwana mmoja, Elifasi, alikuwa kitandani na homa, hawezi hata kuinuka. Walikwenda wakamfungua mbuzi wake wa pekee huku mkewe anatazama. Sheria ni sheria, walisema. Mimi sikuwapo, lakini nikilisimulia hilo damu inanichemka.

Kipande cha kumi na moja, kile cha kona, kilimwangukia Mzee Ndesario. Huyu ndiye aliyekuwa na kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo, kikubwa kuliko vyote, na ng'ombe wasiopungua thelathini. Kona ilikuwa mahali pagumu, kwa sababu maji yakifika pale yanagonga ukingo kwa nguvu zote. Palitaka mawe makubwa na mikono mingi. Na chini yake ndipo palipokuwa na shamba la Aikaruwa.

Siku ya kwanza baragumu likalia, Ndesario hakuonekana. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu Kiwia akakohoa kidogo, akasema, "Mzee ana shughuli." Hakuna aliyetaja mbuzi. Siku ya nne wakaja wafanyakazi wawili wa Ndesario wamebeba pipa la mbege, ile pombe yetu ya ndizi na ulezi, wakasema mzee anawasalimu wachimbaji.

Hapo ndipo walipokosea, wajukuu zangu, na walikosea wote. Walikunywa. Jua lilikuwa kali, makoo yamekauka, na kata ikishaanza kuzunguka, nani atauliza maswali? Bibi naye alikunywa. Sitamficha kwa kuwa ni bibi yangu. Kwetu ukishakunywa mbege ya mtu, mdomo wa kumdai unakuwa mzito. Jioni, wakiwa wamechangamka, watu sita wakaiparua ile kona kwa majembe, hawakuweka jiwe hata moja, wakarudi nyumbani wakiimba. Kipande cha Ndesario kikahesabiwa kuwa kimechimbwa.

Maji yalipofunguliwa wanawake walipiga vigelegele. Siku tano yalipita vizuri. Siku ya sita, saa sita mchana, maharage yakiwa yametoa maua, ukingo wa kona ukaachia. Aikaruwa alikuwa palepale anapalilia. Aliwahi kumnyakua baba yangu aliyekuwa amelazwa kivulini, akapanda naye juu ya jiwe, akasimama anatazama shamba linavyoondoka. Si maharage tu yaliyokwenda. Udongo wenyewe ulikwenda, ule mweusi uliotiwa samadi tangu enzi za mkwe wake, pakabaki mwamba mtupu. Alilia pale juu ya jiwe mpaka sauti ikamkauka.

Kesho yake wazee wakaita baraza. Ndesario safari hii alikuja, tena na kigoda chake kutoka nyumbani. Kiwia akasimama akasema, "Tumeiona hasara. Pole sana, Mama Elinaja. Lakini desturi ya mfereji mnaijua wote. Maji yakipasuka, aliyepasukiwa ndiye anayeziba. Leta mawe, majirani watakusaidia siku moja."

Mnasikia maneno hayo? Mtu ameondokewa na chakula cha mwaka mzima, halafu anaambiwa alete mawe.

Bibi alisimama, tope la jana likiwa bado miguuni. Akauliza, "Mzee Kiwia, kipande cha kwanza kilikuwa cha nani?"

"Changu mimi," Kiwia akasema.

"Cha pili?"

Mtu mmoja akanyoosha mkono. Akauliza cha tatu, cha nne, cha tano, na kila mara mwenyewe alijitaja, tena kwa fahari, maana walikuwa wamevichimba vizuri.

"Cha kumi ni changu," bibi akasema. "Nilikichimba na mtoto mgongoni. Nendeni mkatazame kama kinavuja. Haya, na cha kumi na moja?"

Kila mtu akatazama vidole vyake vya miguu.

"Kilipopimwa kilikuwa na mwenyewe," akasema. "Sasa kimepasuka, mwenyewe hayupo?"

Mzee mmoja akajaribu kumtuliza. "Mama Elinaja, tufunike kombe mwanaharamu apite. Hata wewe ile mbege ulikunywa."

"Nilikunywa, baba. Na nimeilipa kwa shamba zima. Wewe uliyekunywa umeilipa kwa nini? Elifasi alilipa mbuzi kwa kuumwa homa. Huyu aliyekaa nyumbani mzima wa afya amelipa nini?"

Hapo watu wakaanza kunung'unika, na Ndesario akaona mambo yanamgeukia. Sasa sikilizeni alichofanya. Sale mnalijua, mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani. Sale la mpaka haling'olewi na mtu yeyote. Na sale likifungwa fundo, ni ombi la msamaha. Ukiletewa, huwezi kukataa, hata kama aliyekukosea amekuulia ndugu. Mila hiyo iliwekwa ili watu wapatane. Ndesario alinyoosha mkono kwenye ua lililokuwa nyuma yake, akakwanyua kilele kizima cha sale pamoja na shina lake, akafunga fundo, akampa mkewe. Hakuinuka hata kwenye kigoda.

"Mpelekee," akasema. "Nimeomba msamaha. Yaishe."

Na watu, Mungu awasamehe, wakashusha pumzi kwa raha. Yameisha. Mila ya kupatanisha watu, mtu yule aliitumia kama jani la mgomba la kufutia mikono baada ya kula nyama. Mimi mpaka leo hilo linaniuma kuliko hata shamba.

Bibi alilipokea lile sale kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. "Nimekusamehe, Mzee Ndesario," akasema. "Sitakudai maharage wala udongo."

Kisha akachukua jembe lake, akaanza kupanda kilima. Watu wakamfuata, hawajui anakwenda wapi. Alifika mwanzo wa kipande cha kumi na moja, akachimba shimo ukingoni, akalisimamisha lile sale na fundo lake, akalishindilia udongo kwa kisigino.

"Msamaha uliuomba, nimetoa," akamwambia Ndesario, aliyekuwa amefika anahema. "Lakini msamaha hauzibi mfereji. Kuanzia leo hili ni sale la mpaka. Kutoka hapa, hatua ishirini, ni kipande chako, wewe na watoto wako. Kikipasuka tena, hakuna atakayeuliza ni cha nani."

Ndesario alilitazama lile sale. Kulitupa hawezi, ni msamaha wake mwenyewe. Kuling'oa hawezi, ni mpaka. Akamgeukia Kiwia, na Kiwia safari hii hakukohoa. Alisema tu, "Mzee, kesho lete mawe."

Mawe yakaletwa, siku tatu, na kona haijapasuka tena mpaka leo. Lakini msifikiri mambo yaliisha vizuri. Ndesario mwenyewe hakushika hata jiwe moja. Walishika wafanyakazi wake. Na mbuzi wa Elifasi hakurudishwa. Na ule udongo nani angemlipa bibi, wakati alikwisha kusamehe? Aliubeba mwenyewe kutoka bondeni kwa kikapu, kichwani, miaka miwili, mpaka mwamba ukafunikwa. Wapita njia walikuwa wakiona sale limesimama juu ya mfereji, mahali ambapo si mpaka wa kihamba cha mtu, wanamuuliza linafanya nini pale. Hakutua kikapu ili kujibu. Alisema, "Kipande cha mkubwa hupasukia kwa mdogo," akapita. Vikapu vilikuwa vingi na wapita njia walikuwa wengi, maneno yakafika sokoni, yakaanza kusemwa na watu wasioujua hata mfereji wenyewe.

Sasa mmeelewa kwa nini Mama Nderingo aliyasema leo. Mkandarasi wa barabara alitakiwa ajenge kalavati na kuta zake pale juu ya nyumba yake, akaacha bomba tupu na kifusi. Mvua ya juzi imepita sebuleni kwa yule mama, imelowesha mahindi yake yote, na mwenyekiti anamwambia achimbe mtaro mwenyewe kwa kuwa maji yako kwake. Kwenye mkutano tulinyamaza. Mnajua kwa nini tulinyamaza? Siku ya kuzindua barabara mkandarasi yule alileta makreti ya soda. Mimi nilikunywa mbili, za baridi, nikapiga na makofi. Nanyi mlikunywa.

Basi inukeni. Wewe, shika panga, nenda pale konani ukate kilele kimoja cha sale la bibi, ukate na shina ili kishike. Nyinyi wengine chukueni majembe, na mpitieni mwenyekiti nyumbani kwake, mwambieni bibi yenu anamwita kwenye kalavati. Nitalipanda mwenyewe mbele yake, kisha nitamuuliza kipande kile ni cha nani, na safari hii sitatazama vidole vyangu vya miguu. Kipande cha mkubwa hupasukia kwa mdogo.