Nyumbu Aliyekimbia Kinyume

Paukwa!

Pakawa!

Basi sogeeni, mnaokaa mbali hamtasikia. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisemezana kama sisi, kiangazi kiliingia mbugani kikakataa kutoka. Majani yakakauka. Yakabaki mabichi bondeni tu, tena machache.

Tembo, mkuu wa mbuga, akatangaza mbio. Wakimbiaji wangetoka bondeni, wakavuka uwanda wote, wakamalizia kwenye kilima chekundu. Mshindi na ukoo wake ndio wangekula yale majani. Wengine wangejua wenyewe. Na mbio zingeanza jua likiwa utosini, ili aonekane aliye mwanamume kweli.

Wengi waliogopa. Wakajitokeza wawili: Nyumbu, ambaye alikuwa hajawahi kushindwa na yeyote, na Swala jike, mama wa watoto wawili waliokuwa wamekonda mbavu nje.

Wakatimka. Ardhi ilichoma kwato kama kikaango. Nyumbu akatangulia.

Walipofika kwenye mti wa mgunga, Swala akaita, "Ndugu yangu Nyumbu, tupumzike kidogo."

Nyumbu akajibu, "Kivuli ni cha wagonjwa." Akapita, jasho likimchuruzika.

Swala akapumzika, kisha akamfuata. Akamkuta kwenye mwamba mkubwa, anayumba. "Ndugu yangu Nyumbu, tupumzike kidogo."

"Kivuli ni cha wagonjwa." Akapita. Swala akaona jambo likamtisha: mwili wa Nyumbu ulikuwa mkavu. Jasho lilikuwa limekwisha.

Walipofika kwenye mto uliokauka, Swala akaita kwa mara ya tatu. Safari hii Nyumbu hakujibu. Alicheka peke yake, akapanda ukingo wa pili, akatoweka.

Swala akachimba mchanga kwa kwato, akachimba, akachimba, mpaka maji yakatoka. Akanywa. Kisha akainua kichwa.

Nyumbu alikuwa anarudi. Alikuwa anakuja mbio zake zote, kilima kikiwa nyuma yake, uso umejaa furaha.

"Nimeshinda," akamwambia Swala. "Unawasikia wanavyonipigia vigelegele?"

Swala akasikiliza. Uwanda ulikuwa kimya, hata nzi hakulia.

"Kilima kiko kule, ndugu yangu. Huku ni tulikotoka."

Nyumbu akamtazama kama hamjui. Akamuuliza kama mama yake amekuja kumwona. Kisha akaanguka.

Swala akakitazama kilima. Kilikuwa karibu. Akawakumbuka wanawe. Lakini miguu yake ilikataa kuondoka. Akasimama juu ya Nyumbu amkinge jua, na kivuli chake kilikuwa chembamba, hakikumtosha. Akaleta maji kwa kinywa, akammiminia ulimini. Akaleta tena. Mara ya tatu maji yakamwagika yote mchangani, maana Nyumbu alikuwa ameshakufa, macho wazi, uso bado una furaha.

Swala akafika kilimani jioni, akitembea. Ngoma zikalia, wanyama waliokuwa wakiwangoja wakarukaruka. Akasimama mbele ya Tembo.

"Nyamazisheni ngoma," akasema. "Mwenzetu tumemwacha mtoni."

Wakadhani anatania. Mama yake Nyumbu akamtazama usoni, akajua. Akakaa chini palepale. Hakuna aliyethubutu kumsogelea.

 Masikio makubwa ya Tembo yalimlegea. Akauliza kama yale majani yangewatosha wote wakila kidogo kidogo. Wakamwambia yangetosha. Yangetosha tangu mwanzo, ila hakuna aliyeuliza.

Wakala kidogo kidogo mpaka mvua ikaja. Na mbio hazikukimbiwa tena.

Ngano hii yatufunza kwamba mwili ukikuambia pumzika, usiuone mjinga. Na wewe uliye mkubwa, usiwape watu wako shindano la kugombea kinachowatosha wote.

Hapo ndipo nilipoutua mzigo wangu. Anayetaka auchukue, aende nao kwao.