Sauti ya Lali Bunu Chini ya Wikio

Sogeeni karibu. Mwenye usingizi aende akalale kwao, maana kisa hiki kinataka watu wenye masikio ya kusikia na moyo wa haki. Kimetokea Lamu, mtaa wa Mkomani, na waliogombana ndani yake wote ni watu wema. Hilo ndilo linaloniudhi. Mtu mbaya akikosea unamtukana ukaenda zako. Mtu mwema akikosea unabaki na hasira yako mkononi kama mtoto wa jirani uliyeachiwa kumshika, huna pa kumweka.

Palikuwa na mume na mke, Lali Bunu na Zeituni. Hawakujaliwa kupata mtoto, lakini nyumba yao haikuwa kimya. Lali alikuwa na dada mkubwa, Somoe, aliyekaa mlango wa pili. Upande wa pili alikaa jirani yao Twalib, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, aliyesomea mambo ya kompyuta Mombasa kisha akarudi kwao. Watu wanne hao, kila mmoja Mungu alimpa kipaji chake.

Kipaji cha Somoe kilikuwa kukumbuka. Umwulize mlango wowote wa Mkomani, atakwambia nani aliuchonga, bibi harusi gani alipita pale, na nani alitoka pale amebebwa jeneza. Aliyapokea kwa bibi yao mzaa baba, neno kwa neno, na ole wako uligeuze neno moja mbele yake.

Kipaji cha Twalib kilikuwa miguu. Msicheke. Kuna watu wanapita njia na kuna watu wanaijua njia, na yeye aliijua hata akifumba macho, kwa mteremko wake na harufu ya kila jiko.

Kipaji cha Lali kilikuwa sauti. Akisoma maulidi, watoto waliokuwa wakichezea viatu vya watu mlangoni waliacha wakatulia. Hiyo haina haja ya kuelezwa, Lamu nzima inaijua.

Na Zeituni kipaji chake kilikuwa kusikiliza. Watu hawakihesabu hicho kuwa kipaji, ati kila mwenye masikio anasikia. Haya, tutaona.

Twalib alikuwa amechoka na uongo. Kila siku alikuwa akiwasikia wageni wakiburutwa vichochoroni na vijana waliojipa ukuu wa kuongoza, wakiambiwa mlango uliochongwa juzi ni wa masultani. Akawaza: mgeni apewe njia inayosema. Ashike simu yake, atie vidude masikioni, atembee peke yake kwa mwendo wake, na sauti imwambie asimame wapi na atazame nini. Atake kupumzika, apumzike. Asibughudhiwe na mtu.

Akaenda kwa Somoe, naye Somoe akatoa maneno. Kiangazi kizima alikaa mkekani akiyatoa, mlango baada ya mlango, mengine yakimliza. Bila yeye, simu ile ingekuwa simu tu.

Twalib akatoa miguu. Aliitembea njia ile kwa mwendo wa kijana, akaitembea tena kwa mwendo wa mtu mwenye magoti mabovu, akajibanza ukutani kupisha punda na shehena zao, ili sauti ikisema inua macho, mgeni awe amefika hasa chini ya nakshi yenyewe. Bila yeye, mtu angeelezwa habari za mlango huku ametazama choo cha watu.

Ikaja zamu ya Lali, na hapo mambo yakaharibika. Mwanamume aliyejaza msikiti kwa sauti yake, kuwekwa mbele ya mashine tu, akakauka. Akasoma kama karani. Wakarudia, ikawa mbaya zaidi. Twalib akawa anashusha pumzi, Somoe akaanza kusema labda atafutwe mtu mwingine. Zeituni alikuwa jikoni akiyasikia yote. Akaingia, akaketi sakafuni mbele ya mumewe, akamwambia aiache hiyo mashine, amwambie yeye.

Lali akamtazama mkewe, akacheka kidogo, akaanza. "Hebu simama hapa. Unauona mlango ule?" Sauti ikashuka, ikawa laini, sauti ya mtu anayemwambia mwenzake neno wakiwa njiani. Twalib akaganda na mashine yake mkononi, akiogopa kuiharibu sauti ile. Tangu siku hiyo hawakurekodi neno bila Zeituni kuketi pale. Alikaa bila kujitikisa, akimeza kikohozi chake, mpaka mlango wa mwisho. Bila yeye, njia ingesema, lakini nani angeipenda?

Njia ikakamilika, wageni wakaja. Walitoka Nairobi, walitoka Ulaya na Kiswahili chao cha kujifunza, walitoka Garsen hapo karibu, na wote walisema neno moja, kwamba walihisi kama kuna mtu anayewapenda amewashika mkono. Bila shaka walihisi hivyo. Yule aliyekuwa akiambiwa alikuwa mkewe.

Mwaka haukuisha, Lali akaugua homa, akafariki. Zeituni akaingia eda.

Nyumba yao ina wikio, kile chumba kinachovuka juu ya kichochoro kutoka nyumba moja hadi ya pili, walichojenga wa kale ili wanawake wapite juu bila kushuka njiani. Humo ndimo Zeituni alimokaa siku zake za eda. Chini yake wageni walipita na vidude vyao masikioni, na yeye hakusikia kitu. Lakini aliwajua. Walifika mahali fulani wakasimama, wakainua macho, wakatabasamu, naye kule juu akayasema maneno polepole pamoja na mumewe, maana aliyajua yote. Alijiambia kuwa Lali bado anatembea mjini na yeye bado anamsikiliza. Hilo lilimtosha, na nani angemnyima?

Asubuhi moja wakaja wanawake wawili wenye simu moja. Hawakuwa na vidude vya masikioni, waliiachia sauti wazi. Zeituni akakimbilia dirisha. Hakuwa ameisikia sauti ile tangu mazishi. "Hebu simama hapa," Lali akasema kichochoroni, na machozi yakamtoka mkewe kabla hajajua kuwa analia.

Kisha sauti ikaendelea. Ikasema: "Usiende mbele, ukuta wa nyumba ya pembeni umeanguka. Rudi, upinde kulia."

Machozi yakakatika. Ukuta ule ulianguka kwenye mvua za masika, Lali akiwa kaburini. Zeituni aliusikia ukianguka akiwa mumo humo wikioni. Na maneno aliyosema mumewe anayajua, hayo hayamo. Sasa maiti anatoa habari za ukuta? Akapiga ubao wa dirisha kwa kiganja mpaka wale wanawake wakatazama juu kwa hofu, wakaondoka wakirudi nyuma, wakapinda kulia kama walivyoambiwa.

Akatuma aitwe Somoe, na Twalib aje pia. Mwanamume haingii kwa mwanamke wa eda, basi Twalib akakaa nje ya pazia na wanawake wakakaa ndani. Zeituni akamwuliza ni nani aliyesema maneno yale. Twalib hakuficha. Alisema amechukua sauti ya Lali yote iliyorekodiwa, akailisha mashine mpaka ikajifunza kusema kama yeye, kisha akaandika maneno ya ukuta, nayo ikayasema. Alisema jiwe la kipande cha ukuta kilichobaki kimesimama lilimkosa mgeni mmoja, mwalimu, kwa unyayo tu, na sauti ndiyo iliyokuwa imemwelekeza huko. Angeacha Lali aue watu?

Zeituni akamwuliza kwa nini hakuja kumwambia.

"Ulikuwa edani, mama," akasema Twalib. "Ningekujaje? Nilimwuliza bibi Somoe, akaniruhusu."

Zeituni akageuka kumtazama wifi yake. Somoe hakuyakwepa macho. Alisema ndiyo, aliruhusu, na angeruhusu tena. Huyu Somoe ambaye angekung'oa jicho ukigeuza neno moja la bibi yake, ameruhusu maneno yatiwe kinywani mwa nduguye aliyekufa. Jamani, mtu hukasirika kwa kiasi gani ndipo aambiwe ana haki?

Wakagombana, na kila mmoja alisema la kweli.

Somoe alisema maneno ni yake. Yeye amezeeka, kifua chake kibovu, na hakuna mtu mjini aliyejifunza yale aliyopokea kwa bibi. Yamebaki kwenye sauti ile tu. Tena akasema, mtu akifa amali zake hukatika isipokuwa chache, na mojawapo ni elimu inayowafaa watu. Kila anayejifunza kwa Lali anampelekea nuru kaburini. Anayetaka kuifunga sauti ile anamzimia nduguye taa.

Twalib alisema njia ni yake. Mji hauketi kitako, kuta zinaanguka, watu wanajenga, vichochoro vinazibwa. Njia isiyobadilika itapoteza watu na siku moja itaua. Na sauti nyingine alishaijaribu, akaweka ya kwake mwenyewe kwenye kipande kile cha ukuta. Wageni walidhani ni tangazo, hawakuitii, wakapita vilevile.

Zeituni alisema sauti ni yake. Si kwa kuwa ni mjane tu, ingawa hata hilo linatosha kwa mwenye haya. Ni kwa kuwa walimkausha mume wake kwa mashine yao mpaka yeye alipoketi mbele yake. Kila neno lililomo Lali alimwambia yeye. Wageni wanasikia kwa kuazima. Naye aliwaazima kwa moyo mmoja, hakuwahi kulalamika, mpaka walipomtia mumewe maneno ambayo hakumwambia. Alitaka sauti itolewe njiani, yote, arudishiwe.

Somoe akaenda kuuliza kwa kadhi, akarudi na jibu. Kadhi alisema mirathi anaijua: mke asiye na mtoto ana robo, dada ana nusu, na waliobaki wana chao. Lakini sauti hajui aiweke fungu gani.

"Robo yangu nikaikate wapi?" Zeituni akauliza. "Kwenye salamu au kwenye kwaheri?"

Kutoka nje ya pazia Twalib akasema basi, yeye amechoka kuitwa mwizi wa marehemu. Sauti yote, ya kweli na ya mashine, imefungwa kwa neno la siri, na atamtajia mmoja wao tu, yeye asiliguse tena, au abaki nalo wakitaka hivyo. Atakayepewa ndiye atakayeamua, na wengine wawili wasiulize tena. Maana wakijua wawili, mmoja atafungua na mwingine atafunga, na njia itamtelekeza mgeni katikati ya mji.

Kisha akaongeza neno. Lilimtoka kwa huruma, hilo nalishuhudia, alikuwa akimsikia mama wa watu analia nyuma ya pazia.

"Mama, ukipewa wewe, naweza kuifanya ikuite. Ikutaje jina lako kila asubuhi ukiamka. Itasema lolote utakalo."

Hata Somoe akainamisha kichwa. Na msidhani Zeituni hakutamani. Alikaa akiishika kanga yake mpaka vidole vikamuuma, maana mtu aliyelala peke yake miezi ile akiambiwa ataitwa tena na mumewe, moyo hauna nguvu ya kusema la mara moja.

"Lali hakunitaja jina mbele ya watu," akasema mwisho. "Mbele yenu aliniita mwenzangu. Jina langu alilitaja tukiwa wawili, mlango umefungwa. Hukuwahi kulisikia kinywani mwake, wala hiyo mashine yako haikulisikia. Sasa utaifundisha wewe?"

Twalib akalia kama mtoto. Aliisukuma simu chini ya pazia, ikafika katikati ya mkeka baina ya wale wanawake wawili, akasema wamwambie ni nani atakayetajiwa neno la siri, naye atalitaja aondoke. Somoe akaitazama simu. Zeituni akaitazama. Mkono wa nani ulitangulia, sisemi.

Akipewa Somoe, maneno ya bibi yataishi, na mashine itaendelea kusema kila ukuta unapoanguka, mpaka siku moja wageni wasijue lipi la Lali na lipi si lake. Neno la siri likibaki kwa Twalib, hapatakuwa na atakayepotea wala kuumia, na maiti atafanya kazi kila siku bila kuulizwa. Akipewa Zeituni, mumewe atarudi nyumbani, na milango yote ya Mkomani itakuwa bubu.

Sasa amueni. Lakini msiniambie wagawane, kadhi mwenyewe imemshinda. Atakayesema sauti ile ni ya watu wote, kwanza atuletee sauti ya marehemu wake tumsikilize sote njiani. Na atakayesema ifungwe, atangulie yeye kupita chini ya ukuta ule. Wewe hapo uliyenyamaza muda wote, ungempa nani?