Gamba la Chatu na Mtumbwi wa Marehemu

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti zenu za njaa? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sasa mmeamka. Hapo zamani za kale, kwenye kisiwa kidogo katikati ya mto, aliishi Mama Kalunguyeye na bintiye, Sikitu. Baba hakuwapo tena. Mwewe alimnyakua mchana kweupe, vuup! Miiba yake yote haikumsaidia. Aliacha mtumbwi aliouchonga kwa meno yake mwenyewe, na kutoka kisiwani hakukuwa na njia nyingine ila mtumbwi ule.

Desturi ya kule ilikuwa hii: chombo cha marehemu hufunikwa, mvua isikiguse mpaka msimu upite. Mawingu yakatanda. Mama akahangaika, akauliza huku na huku, niufunike kwa kitu gani?

Akaja Mnana, yule ndege msusi.

"Pole, dada. Nitakusukia paa la matete. Tutaliinua juu ya miti, upepo upite chini, mtumbwi upumue."

Mama akalitazama tete moja, akaligeuza. "Lina matundu hili! Unataka mume wangu alowe?"

Sikitu akamwangalia mama yake. Mama hakusema mtumbwi. Alisema mume wangu.

Akaja Chatu, srrr, srrr, anaburuta gamba alilojivua. Lo! Linang'aa, lina maua ya kahawia na dhahabu.

"Hili halipitishi hata tone, mama."

"Hata tone?"

"Hata tone!"

Basi, roho ya Mama ikatulia. Akauviringishia mtumbwi gamba lile, akaufunga kichwani, akaufunga miguuni, akakaza. Msimcheke. Ndivyo alivyotamani kumsitiri mumewe, na mumewe hakuachiwa hata mwili wa kuzikwa.

Mvua ikanyesha, shaaa! Majirani wakaja kusifu. "Mwenzetu amemsitiri mumewe, jamani!" Mama akalia, akafurahi, akalia tena.

Mvua ikipumzika, Sikitu husema, "Mama, tuufungue kidogo, uote jua. Baba alikuwa akiuanika."

"Usimguse baba yako!"

Mvua inanyesha, mtumbwi umefungwa. Jua linawaka, mtumbwi umefungwa. Siku moja Mnana akapita, akanusa.

"Dada, kuna harufu ya uozo hapa."

"Ondoka na matundu yako!"

Mnana akaondoka. Sikitu akabaki anaufuta ukungu pembeni mwa gamba kwa kidole.

Halafu mto ukafura. Gururu, gururu! Maji yakapanda mpaka mlangoni, yakaingia jikoni. Mama akakimbilia mtumbwi, akazikata kamba, akalivuta gamba, na moyo ukampasuka. Ndani mlikuwa mweupe kwa uyoga. Gamba halikupitisha tone kuingia, wala halikupitisha jasho la mti kutoka.

"Mama, utatubeba?" Sikitu akauliza.

"Utatubeba. Ni wa baba yako."

Angesema nini tena, jamani? Wakaingia, wakasukuma. Walipofika katikati, pukuchu! Sakafu ikameguka kama muhogo uliooza.

"Mama!"

"Sikitu! Shika miiba yangu!"

Mkono ukaupapasa mwiba, ukateleza. Chubwi! Maji yakafunga.

Gamba walilokuwa wamelitupia mtumbwini likaelea. Gamba halikuoza, bado linang'aa. Mama akajikuta juu yake, likampeleka taratibu hadi ukingoni, mkavu, peke yake.

Mnana akaja akakaa karibu naye. Alikaa tu mpaka kukapambazuka.

"Nilimfunga baba yake," Mama akasema, "nikamuua mtoto."

Kisha akakunja kichwa, akakunja miguu, akajiviringisha akawa mpira. Mpaka leo ukimgusa kalunguyeye hujifunga hivyo hivyo. Nanyi mkimkuta, msimchokoze kwa kijiti. Ana msiba.

Sikieni basi, wakubwa kwa wadogo. Kitu alichokuachia mpenzi wako ukitunze kikufae, usikizike. Ukikifunga kisipate hewa, kitaoza, hata kama kifuniko chake kinang'aa.

Hadithi yangu imeishia hapo, ukingoni mwa mto. Mwenye machozi na ayafute. Na atakayetoka mwisho auache mlango wazi kidogo, hewa ipite.