Taa Moja, Vyumba Vinne

Kaeni niwape kesi iliyonishinda. Anayetaka kusinzia asinzie sasa, maana sirudii.

Ndani ya mashine ya kutotolea vifaranga ya Bi Nyamizi, kule Tabora, mlikuwa na chipu, ubongo wa mashine, ndogo kama ukucha. Humo waliishi ndugu wanne, kila mmoja na chumba chake, na kila chumba kilitosha kitu kimoja tu: kikiingia kipya, cha zamani kinapotea. Hatua alishika anwani ya amri inayofuata, yaani mahali ilipo. Kapu alishika namba inayofanyiwa hesabu, kisha jibu lake. Rundo alijua kilele cha vitu vilivyowekwa kando, ghalani nje ya vyumba, kiko wapi. Bendera, mdogo wao, aliinua kibendera kuonyesha jibu la Kapu limekuwaje: sifuri, hasi, au limefurika, yaani limezidi ukubwa wa chumba.

Hawakupendana, nami sitawapaka mafuta. Aliyechukia zaidi ni Bendera, kwa sababu ndiye aliyedharauliwa zaidi.

"Kazi yako kupunga vitambaa," Kapu alizoea kumwambia. Bendera aliendelea kuinua vibendera, na chuki ikazidi.

Siku moja, wamenuniana hata salamu hakuna, Kapu akihesabu muda wa kugeuza mayai, kengele ya dharura ikalia. Feni imekwama, joto linapanda.

Desturi ya nyumba ile, kengele ikilia, kila mmoja huweka kando alichoshika kabla ya kugusa kipya. Rundo akapokea anwani ya Hatua, namba ya Kapu na vibendera vya Bendera, akavipanga ghalani kimoja juu ya kingine bila kumtazama mtu usoni.

Hatua akaruka hadi kwenye amri za dharura. Angebaki alipokuwa, wangeendelea kuhesabu muda huku mayai yakiiva.

Kapu akachukua kikomo cha joto, akatoa joto lililopo, jibu likaangukia chini ya sifuri. Alilishika tu, kwani kulieleza si kazi yake.

Bendera akainua kibendera cha hasi. Hatua alikuwa amefika penye njia mbili, kurudi au kuzima hita, akakiona, akaenda kuzima hita. Hakusema hata ahsante.

Joto likashuka. Rundo akaanza kurudisha, cha mwisho kuwekwa kikitoka kwanza, kila mtu akapata chake, na hesabu ya mayai ikaendelea palepale ilipokatikia. Bila yeye wasingejua walikuwa wapi.

Hawajapumua vizuri, umeme ukakatika. Mzee Saa, anayewapigia mapigo ya kazi, akasimama mlangoni.

"Betri imebaki kidogo. Nitaacha taa chumba kimoja. Wengine watasahau kila kitu, hata haya ya leo. Umeme ukirudi, huyo mmoja ndiye atakayewasimulia."

"Mimi," Hatua akasema. "Bila mimi hakuna ambaye angeondoka alipokuwa."

"Ungeelekea wapi penye njia mbili, kama hesabu nisingeifanya?" Kapu akamkata. "Jibu lilikuwa mkononi mwangu."

"Na mlirudi kwa miguu ya nani?" Rundo akauliza. "Shukrani hamna nyie, mmezoea kupokea tu."

Akilini mwake Bendera alimwona Kapu akiamka na taa, akiwaambia wenzake kwamba aliyaokoa mayai peke yake, na yeye mwenyewe akiitikia kwa sababu hakumbuki lolote.

"Mimi ndiye niliyesema kuna hatari," akasema. "Na simwamini hata mmoja wenu kunitaja."

"Hata wewe usingenitaja," Kapu akajibu.

Hilo Bendera alilijua ni kweli.

Haya, Mzee Saa yuko mlangoni na betri inakwisha. Wewe unayenisikiliza, taa ungemwachia nani?