Abba Harmini na Mtungi wa Thawabu

Inasimuliwa na waliotutangulia katika njia ya Bwana kwamba katika jangwa la Misri, zamani za watawa wa kwanza, palikuwa na nyumba ya watawa yenye desturi yake ya peke yake. Kila mtawa aliweka mtungi mlangoni mwa chumba chake. Akitenda jema, hutia ndani kokwa moja ya tende. Na siku akifa, mtungi ule huzikwa naye, umewekwa miguuni pake. Aliyeianzisha desturi hiyo alikuwa na nia njema, nadhani. Alitaka kuwaamsha wavivu. Lakini mpe binadamu chombo cha kujaza, na upesi atasahau alikuwa akikijaza kwa ajili ya nani.

Mtungi uliojaa kuliko yote ulikuwa wa Abba Harmini. Tusimpunje haki yake, alikuwa mja mwema: alisuka mikeka akawapa wajane, alizika maiti wasio na ndugu, na mwaka wa njaa aliugawa mkate wake. Jirani yake, ukuta kwa ukuta, alikuwa Abba Koluthi, na mtungi wa Koluthi ulikaliwa na buibui. Yeye alishikilia kwamba mwanadamu huokolewa kwa imani, kwa neema tupu ya Mwenyezi Mungu, na kwamba kujihesabia matendo ni kumfanyia Mungu biashara. Neno hilo ni la kweli, na atakayelikanusha aje tuzungumze. Ila Koluthi alilisema ameketi. Zamu ya kuuguza wagonjwa ikimfikia, yeye yuko kanisani analithibitisha.

Wazee hawa walibishana miaka, huku wakipendana kwa namna yao, na ndugu wengine walikuwa wakikusanyika kuwasikiliza kama watu wanaotazama ngoma. Siku moja, wakati wa kuvuna tende, Harmini akamwambia mwenzake mbele ya wote, "Wewe, ndugu yangu, ni mtende dume. Urefu tunauona, kivuli tunakiona, tende hatujaziona."

"Na bila vumbi la maua ya dume," akajibu Koluthi, "hilo jike lako lingezaa nini, Abba?"

Watu wakacheka, na mkuu wa nyumba mwenyewe akainamisha kichwa asionekane meno.

Basi Mungu akataka Harmini augue tumbo, ugonjwa ule usiomwacha mtu na heshima yake. Mwisho wake ulipoonekana kukaribia, mkuu akamletea Mwili wa Bwana. Harmini akageuza uso ukutani, akakataa. Nyumba nzima ikaingiwa na hofu. Mtu huyu, katika watu wote, afe bila kupokea? Wakamsihi, wakamwuliza kilichomsibu, asiwajibu neno. Ndipo mkuu akamwagiza Koluthi aingie, akisema kwamba aliyezoea kubishana naye huenda akasikilizwa.

Koluthi alimkuta peke yake, maana ndugu aliyemwuguza alikuwa ameteremka mtoni kuteka maji. Mtungi ulikuwa umelazwa kando ya mgonjwa, na kokwa zimetapakaa juu ya mkeka. Harmini akamweleza. Alikuwa ametaka kujifariji kwa yale aliyoyatenda, akashika kokwa moja akijaribu kumkumbuka mtu aliyemtendea. Hakuona uso. Akashika nyingine, hakuona uso. Katika mtungi mzima ulimjia uso mmoja tu, wa msafiri wa miaka mingi iliyopita.

"Alifika mlangoni pangu jua likizama, akaomba maji na mahali pa kulala," akasema Harmini. "Nikampa maji. Nikatia kokwa yangu. Kisha nikafunga mlango, Koluthi, kwa sababu tendo lilikuwa limekwisha. Alikolala sikujui hata leo. Sasa uniambie, nitaupokea Mwili wa Bwana kwa mkono upi?"

Koluthi alikuwa ameingoja saa hiyo umri wake wote. Akafungua kinywa akafundisha: kwamba hakuna aendaye mezani pa Bwana kwa kustahili, kwamba neema hutangulia, kwamba mwizi naye aliokolewa msalabani mikono yake ikiwa imepigiliwa misumari, asiweze kutenda lolote. Kila alilosema lilikuwa sahihi.

Harmini akamsikiliza mpaka mwisho. "Hayo nimeyasikia kupitia ukuta huu miaka yote," akasema bila ukali. "Ni maneno mazuri. Sijawahi kuyaona yakimnywesha mtu."

Koluthi akapandwa na hasira, akainuka aondoke. Papo hapo ugonjwa ukamzidi Harmini, akajichafua yeye na mkeka wake. Koluthi akasimama kizingitini. Akamwita mwuguzaji, hakuna aliyeitika. Njia ya kanisani ilikuwa wazi mbele yake, na hakuna ambaye angemlaumu. Kisha akarudi ndani, akakunja mikono ya kanzu.

Wanasema alifanya vibaya sana. Maji aliyamwaga, na alimvuta mgonjwa mkono mpaka akagumia.

"Shika bega, si mkono," akasema Harmini. "Kwani hujawahi kumgeuza mgonjwa?"

"Sijawahi," akasema Koluthi. Na katika maneno yote aliyoyasema katika nyumba ile, sidhani kama lipo lililomgharimu kuliko hilo.

Harmini akaona haya, akajaribu kumsukuma. "Niache, ndugu yangu. Sina siku zilizobaki za kukulipa."

"Nani amekudai malipo?" akasema Koluthi kwa kununa, akikamua kitambaa. "Wewe lala tu uoshwe."

Harmini akaacha kumsukuma. Maisha yake yote alikuwa mtoaji, hakuwahi kulala chini ya mkono wa mtu akipewa asichoweza kukirudisha. Machozi yakamtoka.

"Kumbe ndivyo ilivyo," akasema.

"Ndivyo ilivyo," akajibu Koluthi. "Nami neema nimeihubiri miaka yote bila kujua harufu yake."

Akamalizia kumwosha, akaukunja mkeka uliochafuka pamoja na kokwa zote, akautupa nje. Harmini akaomba mkuu aitwe, akapokea kwa shukrani, na kabla ya sala ya jioni akaiaga dunia kwa amani.

Baadaye vijana walimwuliza Koluthi ni nani kati yao wawili aliyekuwa na haki. Aliwaambia wamsubiri, kwanza kuna mzee anayetaka kugeuzwa. Inasemekana waliacha kumsubiri, maana kila akimaliza mmoja, mgonjwa mwingine alikuwa akimngoja.

Ndugu zangu, hata leo wako wanaolipigania jambo hili mpaka mate yanawaruka, kila mmoja na aya yake mkononi. Mimi sina subira nao. Wokovu ni zawadi. Hatuununui, wala hatuna cha kuununulia. Na aliyekwisha kupewa zawadi kubwa hivyo, ameketi anasubiri nini? Mwenye imani na ainuke. Jirani yake anaumwa.