Kadi ya Kipa Songoro

Hapo zamani, wala si zamani ya majini na wafalme bali zamani ambayo bibi zenu waliiona kwa macho yao, palikuwa na mji mdogo wa reli uitwao Isunga. Nawasimulia yaliyotokea huko. Sikilizeni kwa makini, maana mwishoni mimi nitanyamaza na ninyi ndio mtakaosema.

Mwaka wa Kombe la Reli, kampuni moja ya chai ilitia kadi ndani ya kila pakiti. Kadi yenyewe ndogo, kama kiganja cha mtoto. Upande mmoja picha ya mchezaji mpira, upande wa pili jina lake, timu yake na namba ya kadi. Zote zilikuwa arobaini. Watu wa Isunga walikunywa chai mpaka usingizi ukawahama. Kisha kombe likaisha, kampuni ikafa, na kadi zikapotea kama vinavyopotea vitu: nyingine zikaliwa na panya, nyingine zikawashiwa moto, nyingine zikafungiwa ugoro.

Mtu mmoja hakuzitupa. Aliitwa Mihambo, beki wa kushoto wa timu ya Isunga, na yeye mwenyewe alikuwa kadi namba kumi na mbili. Alizihifadhi kwenye kopo la biskuti. Alipofikwa na maradhi ya mwisho alimwita binti yake, Nyamizi, akamkabidhi kopo lile. Ndani mlikuwa na kadi ishirini na tatu.

"Nimalizie," alisema. Hakusema zaidi.

Sasa jueni jambo moja kuhusu Mihambo. Alikufa na jina baya. Katika fainali, dakika ya mwisho, mpira ulipita upande wake ukaingia golini polepole, kama mgeni anayepiga hodi. Isunga ikafungwa moja bila. Watu wakasema Mihambo ameuza mechi. Nyumba yake ikapigwa mawe. Kazi ya kupanga mabehewa ikamtoka. Nyamizi shuleni akaitwa Binti Muuza Mechi, na jina hilo likamfuata mpaka alipokuwa fundi cherehani mwenye baraza lake mwenyewe karibu na mashine ya kusaga. Baba aliapa maisha yake yote kwamba hakuuza. Nyamizi alimwamini. Lakini siku mojamoja, akiwa peke yake na cherehani, alijiuliza.

Basi akaanza kutafuta. Alisikia kuna kadi namba tano Kaliua, imechomekwa kwenye kioo cha kinyozi. Akaenda, akamshonea kinyozi suruali mbili, akaichukua. Akasikia namba kumi na tisa imegandishwa ndani ya kifuniko cha sanduku la bibi mmoja. Bibi akakataa kuibandua, akasema anayetaka kadi achukue na sanduku. Nyamizi akalibeba sanduku kichwani kutoka stesheni hadi nyumbani. Namba thelathini na tatu na thelathini na nne zilikuwa zimeshikana kwa uji wa ngano. Alizishikilia juu ya mvuke wa birika tangu asubuhi hadi adhuhuri, mpaka zikaachana bila kuchanika.

Miaka kumi na mmoja. Kadi thelathini na tisa. Akazitia kwenye fremu ya kioo, akaitundika barazani juu ya cherehani. Likabaki pengo moja, pembeni juu, namba moja: Songoro, kipa wa Isunga.

Na hapo ndipo mambo yalipokuwa ya ajabu. Alikwenda Urambo akauliza, "Kadi ya kipa Songoro mnayo?" Wakamjibu, "Tulikuwa nayo. Alipita mzee mmoja mwenye mikono mirefu, akatoa kuku wawili, akaichukua." Alikwenda Nzega akauliza, wakamjibu, "Tulikuwa nayo. Alipita mzee mmoja mwenye mikono mirefu, akatoa debe la karanga, akaichukua." Alikwenda Igalula, mtu anamwona tu anashuka kwenye treni, kabla hajafungua kinywa anamwambia, "Kama ni ile ya kipa, umechelewa. Mzee wa mikono mirefu alikuja juzi."

Nyamizi akamchukia mzee huyo bila kumjua. Mtu mmoja atataka kadi ngapi za kipa mmoja?

Siku moja akaja mteja, mama wa makamo kutoka Mwisi, kituo cha pili kutoka Isunga. Jina lake Bi Tausi. Alitaka ashonewe gauni la harusi ya mpwa wake. Alipokuwa anapimwa kiuno aliinua macho, akaiona fremu. Akaitazama kutoka kadi ya mwisho kurudi hadi ya kwanza. Alipofika kwenye pengo alishtuka mpaka utepe wa kupimia ukamdondoka Nyamizi mkononi. Alilipia kitambaa akaondoka.

Baada ya siku tatu akarudi na treni ya saa nne asubuhi. Akaketi mkekani, akaomba mkasi, akafumua pindo la kanga yake. Akatoa kadi.

Pembe moja ilikuwa imeungua. Lakini sura ilikuwa nzima: kijana mwenye kifua kipana, ameukumbatia mpira, anacheka. Namba moja. Songoro.

Nyamizi alikaa chini pale pale, juu ya vipande vya vitambaa. "Mama, umeitoa wapi hii?"

"Huyu ni mume wangu," alisema Bi Tausi.

"Songoro yuko hai?"

"Yuko hai, mwanangu. Ndiye anayezinunua kadi hizi. Anazunguka vijiji vyote, anatoa kuku wangu, anatoa karanga zangu, akifika nyumbani anazitia kwenye jiko la mkaa. Nimehesabu mia moja na kumi na nne." Akanyoosha mkono wa kulia. Vidole viwili vilikuwa na kovu lililong'aa. "Hii niliichomoa motoni kwa mkono mtupu, yeye amekwenda kuteka maji. Hatukujaaliwa mtoto. Kuna picha gani nyingine ya ujana wetu? Nimeivaa kwenye pindo miaka kumi na minne."

"Kwa nini anazichoma?"

"Uchungu. Hajawahi kupona uchungu wa fainali ile. Na kosa wala halikuwa lake! Mechi iliuzwa na beki wao wa kushoto, mtu mmoja mbaya sana, akiitwa Mihambo."

Mkasi ambao Nyamizi alikuwa amerudishiwa ulianguka. Ulianguka ukakita ncha sakafuni, ukasimama wima, na Nyamizi aliutazama kana kwamba hajawahi kuona mkasi.

"Mihambo ni baba yangu," alisema.

Bi Tausi akaziba mdomo kwa kanga. Wanawake wale wawili wakatazamana. Nje mashine ya kusaga ilinguruma, watu wamepanga foleni na mabeseni yao. Bi Tausi alisimama, akaiweka kadi kwenye pengo kwa mkono wake mwenyewe.

"Sikupi," alisema. "Nakuazima. Walicheza pamoja, basi wakae pamoja."

"Iondoe hiyo."

Waligeuka. Mlangoni alisimama mzee mrefu, kofia mkononi, na mikono yake ilifika karibu na magoti. Nyamizi alimjua kabla hajaambiwa.

"Bwana!" Bi Tausi alipiga ukelele. "Umefikaje huku?"

"Juzi ulianza kutaja fremu ya fundi wa Isunga, ukakatiza. Leo umepanda treni bila kuniaga. Nilikuwa behewa la nyuma." Alisema hayo bila kumtazama mkewe. Alikuwa akimtazama Nyamizi. "Wewe ni mtoto wa Mihambo. Una paji lake la uso."

"Shikamoo, mzee," Nyamizi alijibu, kwa kuwa ulimi haukupata neno lingine.

"Usiniamkie, mwanangu. Kwanza nisikilize. Baba yako hakuuza mechi. Niliuza mimi."

Haya, wasikilizaji wangu, mnajua mtu akimwagiwa maji ya mtungi ghafla anavyokosa pumzi? Ndivyo Nyamizi alivyokosa. Akaona mawe yakianguka juu ya bati. Akamwona baba akiapa. Akajiona yeye mwenyewe, peke yake na cherehani, akijiuliza. Hilo la mwisho ndilo lililomchoma kuliko yote.

"Uliuza kwa nini?" ilikuwa sauti ya Bi Tausi, ndogo, si ya kwake.

"Kwa baiskeli."

"Baiskeli ipi?"

Mzee aliikunja kofia mikononi.

"Baiskeli ipi, Songoro? Ile nyeusi ya kengele mbili? Ile uliyonibeba nayo siku ya harusi, watu wakipiga vigelegele njia nzima?"

"Ndiyo hiyo hiyo."

Bi Tausi alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta. Akateleza, akaketi, miguu imenyooka mbele kama ya mtoto.

Songoro alinyoosha mkono kuelekea fremu. Nyamizi akasimama mbele yake.

"Usiiguse," alisema. "Miaka kumi na mmoja nimeitafuta. Baba alisema nimalizie, nami nimemaliza. Umemchukulia jina, umemchukulia kazi, umemchukulia usingizi. Hiki pia unataka kumchukulia?"

"Ile ni sura yangu. Kila pakiti ya chai nchi hii ilikuwa na mwizi anayecheka. Nikiacha hata moja, atakuwa anacheka nikiwa kaburini. Nipe, nami nitamsafisha baba yako mbele za watu."

"Msafishe kwanza!" Nyamizi alipaza sauti.

Hakutegemea kwamba atakwenda. Lakini mzee alivaa kofia, akaivua tena, akatoka. Akasimama mbele ya foleni ya mashine ya kusaga, akamwomba msagaji azime. Mngurumo ukakatika. Na kwa sauti ile ya kipa anayepanga mabeki wake, akasema yote: jina lake, mwaka, aliyemhonga, baiskeli, na namna alivyouacha mpira upite chini ya mkono. Akasema, "Mihambo alinikimbilia akaniinua, akidhani nimeumia. Nilimwacha apigwe mawe."

Beseni la mahindi likamdondoka mtu. Bibi mmoja akaanza kulia kwa sauti, maana marehemu mumewe alikuwa miongoni mwa waliopiga mawe. Kijana akamtupia mzee kandambili, ikampata shavuni. Hakujikinga. Alisimama mpaka waliotaka kumtukana wakachoka, kisha akarudi barazani, shavu limevimba, akanyoosha kiganja.

"Nimetimiza," alisema. "Nipeni nikaichome."

"Haichomwi," alisema Nyamizi, lakini safari hii hakupaza sauti. Alichotaka baba ni kadi arobaini, au alitaka kile kilichosemwa pale nje? Hakujua. "Bila ya hii, fremu ni pengo tu. Na watoto wa mji huu wamwone aliyefanya, sawa na walivyomtazama baba yangu."

Ndipo Bi Tausi aliponyanyuka ukutani. Alipita katikati yao, akaitoa kadi kwenye fremu kwa vidole vile viwili vyenye kovu.

"Mnagombania kitu changu," alisema. "Wewe binti uliitafuta, hukuipata. Mimi nilikuletea, na nilisema nakuazima. Wewe mzee uliitia motoni, na kitu ukishakitupa motoni si chako tena. Niliungua mimi. Mume niliyeolewa naye ndiye huyu wa kwenye karatasi. Huyo aliyesimama hapo nimemjua leo."

Songoro aliinamisha kichwa. Nyamizi aliulaza mkono mezani, asijue kama anaizuia kadi au anaiomba. Bi Tausi akaiweka kadi juu ya meza ya kukatia, katikati yao watatu, asitake kuishika wala kuiacha. Kijana wa kwenye kadi akawa anacheka juu ya meza. Foleni nzima ikajaa mlangoni, kila mtu anachungulia juu ya bega la mwenzake, na hakuna aliyethubutu kuwaamulia.

Nami siwaamulii. Yupo binti aliyeitafuta kwa ajili ya baba aliyedhulumiwa. Yupo mke aliyeiokoa kwa nyama ya vidole vyake. Yupo mzee mwenye sura, aliyedhulumu, akaungama kwa ahadi ya kupewa. Semeni sasa, ninyi mliokaa mkisikiliza: je, nani alistahili kuichukua kadi ile?