Vita vya Kisiwa cha Majabali

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Kisiwa!
Cha nani?
— Hatujui!
Vizuri. Msiojua ndio wa kusikiliza.

Kisiwa kilikuwa katikati ya ziwa, kidogo, mawe matupu. Mamba wakisema chetu. Viboko wakisema chetu. Aliyeishi pale ni Kaa na wanawe, chini ya jabali, na hakuna aliyemuuliza neno.

Siku hiyo Kiboko Mkubwa akaja na wadogo zake wawili. Gubu! Gubu! Gubu! Mamba wakatimka majini, chubwi! Kiboko akageuza makalio, mkia ukachapa, pwata-pwata-pwata, mavi yakaruka. Ndiyo desturi yao: palipo na mavi yako ni pako.

"Kisiwa changu," akanguruma. "We Kaa, kesho nisikukute. Nikikukuta nakukanyaga, na hao wanao."

Kaa akatoka upandeupande.

"Hongera, Jemadari. Tutahama. Ila... basi, tuache."

"Tuache nini?"

"Mimi sipendi kuchonganisha ndugu."

"Sema!"

"Mavi ya huku ni yako?"

"Yangu."

"Na ya kule?"

Kiboko akaenda kunusa. Mh. Akanusa tena. Mmmh! Si yake.

"Nani kanya hapa?"

"Mimi, kaka," akasema mdogo wake. "Si tumeshinda? Nimefurahi."

"Umefurahi, au umejikatia shamba?"

"Tumbo tu, kaka!"

"Tumbo gani linajua kona zote za kisiwa?"

Wa tatu akadakia, "Na yangu kayafunika, mwizi huyu!"

"Kumbe na wewe unayo?"

Ehe! Meno kwa meno, kwa! kwa! Kaka akamng'ata mdogo, mdogo akamng'ata mdogo, wote watatu wakabingirika hadi majini, chubwi! Kila mmoja akakimbilia ghuba yake. Tangu hapo kiboko hatoki majini mchana. Anatoa macho na masikio tu, anachungulia ndugu yake yuko wapi. Nani athubutu kwenda kisiwani, awape mgongo wale?

Mamba nao hawakurudi. Kisiwa kilinuka.

Kaa akawalaza wanawe, akaziba pua.

Ngano yangu imekauka, atakaye aiongeze maji. Fundisho: umoja ni nguvu, wanangu. Msiniulize Kaa aliungana na nani.